Hodi ya Umeme

"Kwale."

"Nakusikia, Mkuu."

"Nazi zimeanguka kabla ya siku yake. Mzigo mkubwa wa wiki ijayo unashuka leo, saa ya sala ya Ijumaa."

Zipporah Kahonzi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha mitambo, bisibisi mkononi, kisikilizio kidogo kama punje ya mbaazi kimezama ndani ya sikio lake la kushoto. Hakugeuka. Alijikohoza kwanza, ili mtu aliyekuwa upande wa pili wa kabati asimsikie akinong'ona.

"Kabati jipya tunaliwasha kesho."

"Liwashe leo. Nzai yuko Mambrui na vijana wake, na hawaoni kitu. Ukichelewa, mimi ndiye nitakayewapelekea mama zao maiti."

Sauti ikakatika.

Mkuu hakuwa mtu wa kupamba maneno. Wala hakuwahi kushika bisibisi maishani mwake.

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili ya Kituo cha Kutazama Bahari, mjini Malindi. Kamera zote za ufuo, kuanzia Kilifi hadi Ngomeni, zilileta picha zake humo, na kwa miezi kadhaa picha hizo zilikuwa zikidanganya. Kila Ijumaa mchana ufuo wa Mambrui ulionekana mtupu, kisha mbuzi mwekundu mwenye sikio moja akapita kutoka kulia kwenda kushoto. Mbuzi yule yule, Ijumaa baada ya Ijumaa. Idara ya Ujasusi ilichukua muda mrefu, mrefu kuliko ilivyopenda kukiri, kabla ya kumshuku mbuzi.

Mtu alikuwa ameficha kijisanduku ndani ya kabati la zamani. Kijisanduku kilimeza picha za kweli na kutema za zamani, na wakati huo mashua za meli ya kigeni iitwayo Orsola zilikuwa zikishusha bunduki mchangani bila wasiwasi. Idara ikaamua kuleta kabati jipya, mitambo mipya na nyaya mpya. Na katikati ya mafundi ikapenyeza jasusi.

Funguo za chumba walikuwa nazo watu wawili tu. Saad, fundi mkuu, mtu wa Mambrui, mwenye tumbo la heshima na ulimi usiolala. Na Mansur, msimamizi wa stoo, ambaye manukato yake yalifika kazini kabla yake. Mkuu alikuwa na hakika ni Saad. Saad alikuwa akijenga nyumba ya ghorofa, na mshahara wa serikali, alisema Mkuu, haujengi ghorofa.

Basi Zipporah, aliyeitwa Kwale na Idara pekee, akaletwa kituoni kwa jina la Linet, fundi mgeni kutoka Vitengeni. Vitengeni ilikuwa kweli. Mengine yote yalikuwa uongo, na uongo huo alikuwa ameubeba wiki tatu sasa, na kila siku ulizidi kumlemea.

Siku ya kwanza Saad alimsimamisha mlangoni.

"Vua saa, mwanangu."

"Hii, Mzee?"

"Hiyo. Na pete, na bangili, na hicho kidani. Chuma cha mwilini na umeme ni wachumba. Wakionana hawaachani tena, na arusi yao wewe huili."

Saa ile ilikuwa Casio kwa nje tu. Ndani mlikuwa na kinasa sauti na kamera. Ikatundikwa kwenye msumari ukumbini, na kwa wiki tatu Idara ikapokea kikohozi cha mlinzi, kila siku, kwa ubora wa hali ya juu.

Saad alimfundisha kazi kana kwamba anamwachia urithi. Kabati hufungwa sakafuni kwa boliti kabla ya kutiwa kitu. Kizito hukaa chini, chepesi juu. Na siku ya kupakua huanzia juu, la sivyo kabati litaota kichwa kizito likuangukie. Waya wa ethi, ule wa kijani unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ndio wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa. Kila mtambo una nyaya mbili za umeme, mwekundu na wa buluu, na kila mmoja una breka yake, swichi ya kuuwasha na kuuzima, nje ukumbini. Ukichomoa mmoja hujazima kitu.

Na juu ya yote kulikuwa na hodi.

Hakuna kituo kingine kilichofanya hivyo. Ulikuwa utaratibu wa Saad mwenyewe, na mafundi wa mji mzima walimcheka kwa ajili yake.

"Sikiza," alimwambia. "Umeme ni mgeni. Mgeni huingia nyumba ya watu vipi? Hupiga hodi. Basi anayeshika breka atapiga hodi kwa sauti, na kila aliye ndani ataitikia *karibu* kwa mdomo wake, mikono yake iko nje ya kabati. Si kugonga ukuta. Si kuguna. *Karibu*, lisikike. Mara tatu usipojibiwa?"

"Narudi zangu."

"Warudi zako. Hata kama rais amesimama nyuma yako ataka taa."

Mchana alimpeleka kwake Mambrui kula. Mkewe, Bi Kaltuma, alimwekea samaki wa kupaka, akamchagulia kipande cha shingo kwa mkono wake, akamwambia amekonda. Ndiye aliyemweleza, bila kuulizwa, kwamba ghorofa ile walikuwa wakiijenga wanawe walioko Maskati. Jioni Zipporah akayapeleka maneno hayo kwa Mkuu, huku pilipili ya Bi Kaltuma ikimwasha bado midomoni.

"Wote husema hivyo," alijibu Mkuu.

Zipporah aliona haya usiku ule. Lakini haya haikumzuia kurudi kula tena kesho yake.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na saa ilikuwa imefika.

Mansur alikuwa ameshavaa kanzu. Asubuhi alisaidia kulipakua kabati la zamani, ambalo boliti zake za sakafuni zilikuwa zimefunguliwa tayari kwa kuondolewa, na akaanza kwa kutoa betri zote za chini kwa sababu zilikuwa karibu na mkono. Saad alimkemea.

"Umeanzia chini? Mtu mzima wewe, umelifanya kabati lisimame kwa mguu mmoja."

"Nitalimaliza nikitoka msikitini," alisema Mansur, akicheka. "Mimi natangulia. Usikawie, Saad."

Nyayo zake zikateremka ngazi.

Zipporah akainuka.

"Mzee, tuwashe leo. Sasa hivi."

Saad alimtazama juu ya miwani. "Leo kuna nini?"

"Mkubwa wa Nairobi amepiga simu. Ataka picha leo."

"Mkubwa wa Nairobi hajui hata breka iko wapi." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Haya. Nenda ukumbini, ungoje. Mimi sala nitaikuta. Kuna nati ya ethi hapa nyuma, jana niliikaza kwa mkono wangu mwenyewe. Leo yacheza. Hebu niitazame."

Akatia tochi mdomoni kama ilivyokuwa desturi yake, ili mikono yote miwili iwe huru, akajipenyeza nyuma ya kabati.

Zipporah alitoka, akaurudisha mlango. Anachelewesha, alijisemea. Nati gani hiyo, saa hii hii? Wiki tatu za maneno ya Mkuu zilikuwa zimemwingia hata asipotaka.

Breka mbili zilikuwa ukutani. Nyekundu. Buluu.

Sauti ya Nzai ikaja sikioni, ya chini, yenye mchanga ndani yake.

"Kwale, Nzai hapa. Mashua twaziona kwa macho. Lakini nyuma yetu ndege wameruka. Kuna watu huko. Kishikwambi changu chaonyesha mbuzi."

"Kwale," Mkuu akaingilia. "Washa."

"Hodi!" aliita Zipporah.

Kimya.

"Wanatukaribia," alisema Nzai.

"Hodi, Mzee!"

Kutoka ndani, nyuma ya kabati, ikaja sauti.

"Mm."

Basi. *Mm* ya mtu mwenye tochi mdomoni. Alimwona bila kumwona: tumbo limebanwa na ukuta, mikono miwili ndani ya chuma, macho yanatazama nati. Alijua. Huo ndio ukweli wa jambo hili, na Zipporah hakujidanganya nao baadaye hata siku moja. Alijua *mm* ile maana yake nini.

"Fundi yuko ndani," alisema.

"Ameitikia?" aliuliza Mkuu.

Upande wa Mambrui, bunduki ya kwanza ikalia.

"Kwale. Ameitikia?"

"Ameitikia," alisema Zipporah.

Akapandisha breka nyekundu.

Ndani kukatoka mshindo. Mwili ulipiga ukuta, tochi ikapiga sakafu, na breka nyekundu ikaruka chini yenyewe.

Kisha hapakuwa na sauti yoyote.

"Hatuoni bado," alihema Nzai. "Kwale, hatuoni."

Mlango ulikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Angeweza kuufungua. Angeweza kutazama kama mkono wa Saad bado umeshika chuma. Kidole chake kilikuwa juu ya breka ya buluu, na vijana wa Nzai walikuwa na mama zao, na Saad alikuwa na Bi Kaltuma.

Akapandisha buluu.

Ndipo akakimbilia ndani.

Mitambo ilikuwa ikiamka, feni zikivuma, taa za kijani zikijipanga moja baada ya nyingine. Saad alilala chali nyuma ya kabati. Waya wa ethi ulikuwa bado kiganjani mwake na kiganja kilikuwa cheusi. Zipporah alinyakua ufagio wenye mpini wa mti, akausukuma mkono ule mbali na chuma, ndipo akamshika. Alipoinama aliona. Waya mwekundu ulikuwa umechunwa ngozi na kubanwa kwa makusudi ubavuni mwa kabati. Nati ya ethi ilikuwa imelegezwa kwa spana. Alama zake bado ziling'aa. Mtu alitaka kabati hili liue.

Na Saad alikuwa akiikaza ile nati, ili kabati lisimuue yeye Linet.

"Mzee. Mzee Saad."

Hakupumua.

Zipporah aliweka viganja viwili katikati ya kifua, akaanza kukandamiza. Kwa nguvu. Kwa kasi. Sikioni Nzai alikuwa akipiga kelele, lakini kelele za aina nyingine.

"Picha hiyo! Nawaona, wamejificha kwenye matuta, kushoto! Laleni! Mwaro, kushoto kwako!"

Risasi. Risasi nyingi. Kisha chache.

Mlango ukafunguka. Manukato yakaingia kwanza.

Mansur alisimama kwenye kanzu yake nyeupe, Glock 19 mkononi. Alimtazama Saad. Akamtazama Zipporah. Akazitazama taa za kijani, na uso wake ukabadilika.

"Zimewakaje?"

Zipporah aliendelea kukandamiza. Akiinua mikono, Saad anakufa. Bastola yake mwenyewe ilikuwa imefungwa kiunoni chini ya dera, na ingekuwa mkononi kwa kufumba na kufumbua. Hakuigusa.

"Linet," alisema Mansur. "Au sijui nikuite nani. Nilimwambia yule Kapteni wa Orsola, msichana huyu ana macho mengi. Nikimaliza hapa nakuja kwako."

Akaenda nyuma ya kabati jipya, akakamata kitita cha nyaya nyekundu alichokitega kwa mikono yake, akavuta zote kwa pamoja.

Taa hazikuzimika.

Aliduwaa. Akavuta tena, nyaya zilizokwisha kutoka. Stoo alikuwa amekaa miaka mingi, akizihesabu nyaya hizi katika maboksi, na hakuwahi kuuliza kwa nini kila mtambo unakuja na mbili.

"Mbona haizimiki?"

Zipporah alikuwa amepinda kichwa cha Saad, akampulizia pumzi, akarudi kifuani.

Chini barabarani king'ora kikalia. Mansur akaachana na kabati jipya. Alichokitaka sasa ni kijisanduku chake, ushahidi wake, na kijisanduku kilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa ya kabati la zamani. Aliruka, akashika mtambo wa juu, akauvuta kwa uzito wake wote utoke kwenye reli.

Kabati lile halikuwa na boliti. Halikuwa na betri chini. Zipporah alijua kitakachotokea, na alikuwa na muda wa kusema neno moja. Hakulisema.

Kabati likaja lote.

Sakafu ilitikisika. Glock ikateleza hadi kwenye goti la Zipporah, akaisukuma mbali kwa mguu bila kupoteza mapigo. Mansur alibanwa kuanzia kiunoni, kanzu imejaa vumbi.

"Dada, nisaidie. Nimevunjika."

"Ngoja," alisema Zipporah.

Akakandamiza. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye shati la Saad naye hakuyapangusa, maana mikono haikuwa yake tena. *Nisamehe, Mzee. Pumua unitukane. Pumua tu.*

Kifua kikaruka chenyewe. Saad akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akafumbua macho, akayafunga.

"Kwale," alisema Nzai sikioni. "Kwisha. Masanduku tumeyakamata, na Kapteni tunaye. Vijana wote wazima. Mungu akubariki."

Alikichomoa kisikilizio, akakitupa.

Saad hakufa. Alilazwa, kisha akarudishwa nyumbani Mambrui na mkono wa kulia uliofungwa bendeji. Madaktari walisema vidole vitabaki vimekunjika. Bisibisi hatashika tena.

Mkuu alimpigia Zipporah akiwa ndani ya Probox ya Idara, ameegesha karibu na daraja la Sabaki.

"Kazi safi, Kwale. Tumelimaliza kimyakimya. Kwa watu, ni ajali ya kazini. Fundi aliingiza mikono bila kufuata utaratibu."

"Utaratibu ni wake."

"Nini?"

"Utaratibu aliuweka yeye, Mkuu, na aliufuata. Hakuitikia. Mimi nilisema ameitikia, na niliwasha mara mbili. Iandikwe hivyo."

"Ikiandikwa hivyo jina lako litajulikana. Pwani hutafanya kazi tena. Pengine popote."

"Najua."

"Uliwaokoa watu kule ufuoni."

"Hilo pia liandikwe," alisema Zipporah, akakata simu. Alidhani angejisikia mwepesi. Hakujisikia mwepesi.

Bi Kaltuma alikuwa barazani akichambua mchele. Ghorofa ilisimama nyuma yake bila bati, nondo zikichungulia juu.

"Shikamoo, Bi Kaltuma."

"Marahaba." Hakuinua macho mara moja. Alipoyainua yalikuwa mekundu. "Nimeambiwa jina lako si Linet."

"Naitwa Zipporah. Zipporah Kahonzi. Kwetu ni Vitengeni kweli."

"Na samaki wangu ulikula kweli."

"Nilikula kweli, mama. Nimekuja kumwambia yeye mwenyewe nilichofanya."

"Ajua ulichofanya. Alikuwa ndani, alikusikia." Bi Kaltuma alitikisa ungo, makapi yakapeperuka. "Yumo. Mlango u wazi. Piga hodi."

Zipporah alivua viatu. Akavua saa, akaiweka juu ya viatu. Pazia la mlangoni lilikuwa likipepea, na kwa ndani aliona mwisho wa kitanda, na miguu ya mtu, na redio imepunguzwa sauti.

"Hodi," alisema.

Redio ikazimwa.

"Hodi, Mzee. Ni mimi."

Alingoja.

Kutoka ndani, polepole, ikaja sauti. Safari hii hakukuwa na tochi mdomoni.

"Mm."

Mikono ya Bi Kaltuma ilisimama juu ya ungo. Alimtazama Zipporah, na huruma ikamshinda kidogo.

"Ameitikia," alisema taratibu. "Ingia."

Zipporah alisimama mbele ya pazia. Hakupiga hodi ya tatu.

"Hajaitikia, Bi Kaltuma."

Akainama, akavaa viatu. Akainua saa yake, akaitia mfukoni. Kisha akatoka uani kwa mwendo wake ule ule wa kazini, mabega sawa, bila haraka, akaelekea kwenye gari, na hakugeuka nyuma.